Tundu Moja Juu

Moshi hatuna bahari.
Tuna pipa la bluu nyuma ya karakana yangu, Pasua,
na humo ndani mashine za Nyumba ya Mungu
hukohoa, hutema moshi, hurudishiwa roho.
Jirani yangu Mama Kisanga akiona tunaburuta moja
huanua nguo zake bila kuniangalia.

Senkondo alikuja Jumatatu, kofia mkononi.
"Niuzie ile ya farasi sitini.
Yangu ya arobaini imezeeka, inapiga kelele
kama wauza mitumba wa Memorial,
na boti iko palepale, inanusa mbingu."

Inanusa mbingu. Nikalishika neno hilo.
Tangi la mafuta liko wapi?
Nyuma.
Betri?
Nyuma.
Na wewe, baba, kilo mia na ushee?
Akacheka. "Nyuma. Sasa nitaendeshea wapi?"

Alfajiri tukashuka bwawani,
mimi, spana ya kumi na tisa, pima maji,
na Ndelilio, binti wa dada yangu, na daftari lake la hesabu.
Nikalaza rula ndefu chini ya tumbo la boti
ikanyooka mpaka kwenye mashine:
kile kibamba kilicho juu ya propela
kimezama inchi nzima chini ya mkuku,
kinalima maji kama plau ya ng'ombe.
Nani akimbie huku anaburuta plau?

Fundi Mbwambo, aliyenifundisha kushika spana,
alikuwa akisema: maji hayana nati.
Huwezi kuyakaza. Kaza chako, uyaachie njia.

Tangi likaenda mbele. Betri ikafuata, waya ukaungwa.
Na propela: mashine hii ilianza kazi Tanga,
ikivuta hewa nzito ya pwani;
huku kwetu hewa ni uji wa mgonjwa.
Ile ya inchi kumi na tano ilikuwa inaikaba koo.
Nikaivua, nikaivisha ya kumi na tatu,
kuukuu, bawa moja lilikuwa limelika,
nimelipiga tupa usiku mpaka likalingana na dada zake.

Kisha nati nne, na tundu moja juu.

Toka gatini mpaka kwenye mti mkavu, mwanzo:
dakika nne na sekunde kumi na moja.
Sasa: tatu na ishirini.
Senkondo akarukaruka hadi boti ikayumba.
"Pandisha tena!"

Nilijua. Lakini mtu hufundishwa na masikio yake.
Tukapandisha.
Kwenye kona propela ikala hewa,
mashine ikalia kama mbuzi aliyebanwa na mlango,
boti ikaketi ghafla,
na ule mkojo wake mwembamba wa maji ubavuni
ukakatika.
"Zima!"
Ndelilio akaandika: imeacha kukojoa.
Tukarudi tundu moja chini, kimya wote watatu.

Ikabaki pini ya pembe. Hatua moja nje,
na pua ya boti ikanyanyuka kidogo tu,
kama mtu aliyesikia jina lake kwa mbali.
Sauti ya maji ikapungua unene.
Senkondo safari hii hakuruka.
Alikaa ameshikilia kofia, upepo umemtoa machozi.

Alinilipa elfu arobaini na ndoo ya perege.
Ndelilio akajumlisha, akapiga mstari chini yake:
farasi ni walewale.

Ya sitini bado iko stoo, imefunikwa kitenge.
Faida yake nilikuwa nimeshaigawa:
bati la jiko, ada ya muhula wa pili.
Jioni nimeketi kando ya pipa, naparua samaki,
magamba yananing'ang'ania pale penye grisi.
Sita nimempelekea Mama Kisanga, fidia ya nguo.
Akamwinua mmoja kwa mkia, akamnusa, akaniangalia.
"Hawa," akauliza, "hawajapitia pipani?"